Mtu Aliyetoka Ardhini Kila Jumamosi

Miaka ile Karatu nzima tulijua, na mimi nilijua kuliko wote, kwamba juu kwenye ukingo wa Ngorongoro anaishi Mzungu mmoja mzee anayetega ndoto za watu kwa shuka. Alfajiri huitandika shuka yake nyeupe juu ya vichaka. Ukungu unapopanda unakuwa umebeba ndoto za wote waliolala usiku ule, kutoka Mbulu hadi Kakesio, nazo hunasa kwenye shuka kama umande. Jua likichomoza, mzee huikamua shuka ndani ya kopo. Yale maji yakishakauka ndiyo filamu.

Usicheke. Au cheka, lakini ujue unamcheka mtu mwenye cheti. Kisomo cha watu wazima nilihitimu hatua ya nne, nikaendelea na masomo ya jioni mpaka nikawa nasoma gazeti zima, pamoja na tanzia, bila kukwama hata mara moja. Na bado habari ya shuka niliiamini kama ninavyoamini kwamba mahindi hutoka kwenye mbegu. Haya nitakayokueleza yalinipata mimi mwenyewe, hayakumpata jirani wala shemeji wa jirani. Ukitaka nikuonyeshe mahali penyewe, twende. Hata mti naujua ulipo.

Tuanze na mashine. Kulikuwa na gari la sinema lililokuwa likizunguka vijijini, likituletea picha za mafunzo: namna ya kuogesha ng'ombe, namna ya kuhifadhi nafaka, namna ya kunawa mikono. Siku moja gari likafia Karatu, hapohapo kilimani, na petroli ilikuwa adimu kuliko lulu, basi hakuna aliyelifuata. Aliyekuwa akiiendesha mashine ya sinema ni Paskali, rafiki yangu. Nikisema rafiki nakupunja. Mimi na Paskali tulitahiriwa siku moja kwa kisu kimoja, tukalala kibanda kimoja, tukalia pamoja bila kutoa sauti. Kwetu Wairaqw mtu wa namna hiyo humwiti rafiki. Humtafutii jina kabisa, maana ni kama mkono wako.

Paskali akabaki na mashine, jenereta ndogo, na masanduku ya mikanda. Spika ilikuwa imekufa zamani, ilikwaruza tu kama kuku anayetafuta wadudu. Kila Jumamosi, giza likiingia, akawa anatuonyesha picha katika ukumbi wa kisomo. Na picha zenyewe, ndugu yangu, hazikuwa za mafunzo tena.

Nikueleze moja. Mama ananawisha mtoto mikono. Mtoto anazama kwenye maji, anaibuka ndama. Ndama anaingia kanisani, bibi harusi analia. Mbu mkubwa kama nyumba anapita juu ya kanisa. Halafu mama yuleyule anakoroga uji, na ndani ya sufuria kuna jembe. Kisha treni inaingia kwenye mdomo wa mtu, mtu anatabasamu, meno yote safi.

Siku ya kwanza tulitoka ukumbini kimya kama watu waliotoka mazikoni. Nikamuuliza Paskali, "Hizi nani katengeneza?"

Akaangalia pembeni kidogo. Leo ndiyo nakumbuka kwamba aliangalia pembeni. "Nani tena kama si yule mzee wa shuka," akasema.

Basi yakaisha. Tukampa jina, Mzee Shuka, na Karatu ikashikwa na homa yake. Watu walitoka Rhotia, wakatoka Oldeani, wakatoka Mang'ola na vitunguu vyao mgongoni. Nikikuambia ukumbi uliokuwa wa watu sitini ulikuwa unabeba mia nne nitakuwa nimewasahau waliokuwa juu ya bati.

Sasa usisahau kwamba sisi tulikuwa watu wa kisomo, na kisomo kilikuwa na utaratibu wake. Mkishatazama picha mnakaa kikundi, mwenyekiti anafungua, mnajadili, mnapitisha azimio, na wiki inayofuata mnaulizwa mmetekeleza nini. Sinema kwetu haikuwahi kuwa mchezo. Ilikuwa maagizo. Katibu wa kikundi nilikuwa mimi, na madaftari yale ninayo hadi leo.

"Ndugu wanakisomo," angeanza mwalimu wetu, mtu wa suti moja na maneno elfu, "mbu aliyepita juu ya kanisa anamaanisha nini?"

"Unyonyaji," angesema mmoja.

"Ni dhambi hiyo," angesema mwingine wa kwaya.

"Ni mbu," angesema Koinet.

Huyu Koinet alikuwa mfugaji wa Kakesio. Alikuja mnadani kuuza fahali, akaona picha moja, na tangu hapo akawa anarudi kila mwezi hata bila fahali. Alikuwa anakaa mbele kabisa, fimbo katikati ya magoti.

"Huyu Mzee Shuka hana ng'ombe," aliwahi kutuambia. "Mwenye ng'ombe hapati nafasi ya kuota hivi."

Tukaandika. Azimio namba saba: Mzee Shuka hana ng'ombe. Na jembe ndani ya uji? Tulijadili saa mbili, tukaazimia kwamba linaongeza damu. Mama mmoja wa Rhotia akalichemsha kweli. Nilikwenda kukagua utekelezaji, nikaonjeshwa uji, ukawa na ladha ya msumari. Nikaandika: mafanikio ni ya kuridhisha.

Lakini picha iliyotushika roho wote ilikuwa ya mtu wa koti. Katika kila mkanda, popote ulipoanzia, ilifika mahali ardhi ikawa tupu, nyekundu, na kutoka ndani ya ardhi hiyo akatokea mtu. Kwanza kofia. Halafu mabega. Halafu kiuno. Alitoka taratibu, ametupa mgongo, amevaa koti refu la mvua. Akisimama juu, anajipangusa, anaanza kwenda zake, bega la kulia limeshuka, goti likipanda kama mtu anayevuka mfereji. Hatua sita. Nilizihesabu. Ya saba anasimama, anaanza kugeuka, unaona sikio, unaona ncha ya shavu, halafu pah! Ng'ombe anaogeshwa.

Wamama wa kwaya walikuwa wakiimba wimbo wa ufufuo kila alipotoka. Hatukuwa na mjadala hapo. Mtu anayetoka ardhini ni nini kama si aliyefufuka?

Jumamosi moja Koinet akageuka, akanitazama, akatazama kitambaa, akanitazama tena.

"Katibu, yule anatembea kama wewe."

Ukumbi mzima ukacheka. Mimi pia nilicheka, nilicheka kuliko wote. Lakini nikiwa bado nacheka nilishusha macho, nikatazama bega langu. Tangu utoto Aayo, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, ananiambia, "Inua bega, unatembea kama baba yako." Na baba yangu sikumjua. Alikufa mimi nikiwa na miezi minne. Hakuacha picha, hata ya kitambulisho. Nilikuwa nikimwota, ndiyo, na katika ndoto zangu zote alinipa mgongo. Angegeukaje? Uso wake ningeutoa wapi?

Sasa niambie wewe, ungekuwa mimi ungefikiri nini? Mzee Shuka ananasa ndoto. Ndoto yangu imenasa. Baba yangu yumo ndani ya sanduku la Paskali.

Nilimfuata Paskali siku hiyohiyo, akiwa anazungusha mkanda urudi mwanzo. Nikamweleza kila kitu. Nililia kwa sauti mbele yake, jambo ambalo hata kisuni sikulifanya.

"Nataka kumwona uso tu," nikamwambia. "Mara moja. Anaweza kugeuka?"

Akausimamisha mkanda kwa kidole. "Anaweza," akasema. "Siku moja atamaliza kugeuka. Lakini usimwambie mtu, Katibu. Hata mama yako usimwambie. Ndoto ikisemwa inakatika."

Nikatii. Tangu siku ile nikawa mbebaji wa jenereta. Jenereta ile iliitwa ndogo na watu ambao hawajaibeba. Niliibeba mvua na jua, miaka miwili, begani, tena bega lilelile la kulia, likazidi kushuka. Mama aliniuliza kila Jumamosi, "Unakwenda wapi na chuma hicho?" nikasema, "Kisomo, Aayo." Yeye sinema alizikataa, alisema macho yake ni ya kuchambua maharage. Na kila Jumamosi baba akatoka ardhini, akaenda hatua sita, akaanza kugeuka, na nikaja kumwona ng'ombe.

Sogea karibu sasa, maana tumefika.

Wafanyakazi wa hifadhi kule juu, ukingoni, walisikia habari zetu, wakatuita. Tulipanda lori la viazi. Tukafunga shuka kati ya miti miwili, kreta yote iko chini yetu kama bakuli la giza, na saa moja na nusu hivi Paskali akawasha. Watazamaji walikuwa wamejifunga mablanketi mpaka puani. Ukungu ulikuwa unapanda. Si ule wa Karatu unaopita kama moshi wa jikoni. Ule wa kule juu unakuja na kukaa, kama mkwe.

Upepo ukapiga mara moja. Shuka ikachomoka mitini, ikaruka, ikaenda zake.

Picha haikwenda nayo. Ilibaki inaning'inia kwenye ukungu.

Niamini. Yule ndama alikuwa hewani, mkubwa kama nyumba ya misheni. Watu walikimbia! Mpishi mmoja alikimbia na sufuria ya ugali, na hadi leo sufuria haijarudi. Paskali akapiga kelele, "Katibu, shika mashine!" akaifuata shuka yake gizani. Nikabaki peke yangu, mkono juu ya mashine ya moto.

Akatoka. Kofia, mabega, kiuno. Alitoka kwenye majani yenyewe, kama hatua kumi mbele yangu. Akajipangusa. Akaanza kwenda. Hapo jenereta ikakohoa mara mbili, ikazimika.

Taa ya mashine ikafa. Mwanga ukafa. Ndama hayupo, bibi harusi hayupo, kila kitu kimekwisha. Kulikuwa na mwezi tu nyuma ya ukungu, mweupe kama maziwa yaliyomwagika.

Yeye alikuwepo.

Nilisikia majani yakilala chini ya viatu vyake. Moja, mbili, mpaka sita. Nikasikia harufu ya udongo mbichi, ule wa chini sana ambao haujawahi kuona jua. Ya saba akasimama, akaanza kugeuka, na safari hii hakuna ng'ombe aliyekuja.

Akageuka mzima.

Alikuwa mtu wa miaka yangu. Hilo sikulitegemea. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mzee. Kope ya jicho la kushoto ilikuwa imelegea, kama mtu anayetaka kukukonyeza halafu akaghairi. Jino moja la juu halikuwepo. Kidevuni palikuwa na kovu dogo la ukubwa wa punje ya mahindi. Hakunitazama kama mzimu. Alinitazama kama mtu uliyemkatiza kazi. Akapangusa mikono kwenye koti, akaniuliza kwa Kiiraqw, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama nimekula.

"Bado," nikasema.

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyesikia habari ya uzembe nyumbani kwake. Akanipa mgongo, akateremka kuelekea kreta, bega la kulia chini, ukungu ukamfunga.

Sikuogopa. Hofu ilikuja baadaye, kama mgeni aliyechelewa arusi, ikala kila kitu.

Paskali alirudi, shuka mbichi begani. Alinikuta nimesimama. Nikamwambia, "Amegeuka."

"Nani?"

"Baba. Nimemwona uso."

"Haiwezekani."

"Ulisema mwenyewe siku moja atageuka."

"Uso ukoje?" Akauliza mara tatu. "Katibu, uso ukoje?"

Nikamweleza: kope, jino, kovu. Paskali akakaa juu ya jenereta, ambayo bado ilikuwa inaunguza, wala hakuinuka. Nilidhani anashangilia pamoja nami. Ndivyo nilivyodhani, mimi mwenye cheti.

Baada ya hapo mtu wa koti hakuonekana tena. Mikanda ilikuwa ileile, ila mahali pake palikuwa na mruko tu. Nikasema ni sawa, baba amepumzika. Miezi miwili baadaye Paskali akapata kazi Arusha, nami nikaenda kumsaidia kupakia vyombo. Ningekosaje? Nilikuwa nimeshazoea kumbebea.

Kopo la majani ya chai likaniponyoka, likafunguka. Ndani kulikuwa na kipande cha mkanda, kirefu kama mkono, kimekunjwa vizuri, kimefungwa na karatasi. Karatasi ilikuwa na maandishi. Ninajua kusoma, nimeshakuambia. Mwandiko wa Paskali, herufi kubwa: BABA YAKE KATIBU.

Nikakiinua kwenye jua. Alikuwa mdogo kama kucha, amerudiwa mara nyingi, mmoja chini ya mwingine, na kila mmoja amegeuka zaidi ya yule wa juu yake. Wa chini kabisa alikuwa ananitazama. Kope ya kushoto imelegea. Jino halipo. Kovu kidevuni.

"Paskali."

Alikuwa anafunga godoro. Aligeuka, akaona nilichoshika, akakaa juu ya godoro.

"Mkanda ulikatika hapo siku ya kwanza kabisa, najaribu mashine peke yangu," akasema. "Kipande nikakiweka. Hakijawahi kuonyeshwa, Katibu, naapa. Uliponiambia habari ya baba yako, nikakitazama kwenye taa. Nikaona uso wako."

"Ukakiandika jina."

"Nilitaka kukupa."

"Halafu?"

"Halafu watu wakazidi kuja. Yule asiyegeuka ndiye waliyemfuata. Na wewe…" Akakunja kona ya godoro, akaikunjua. "Ungemwona, ungerudi tena? Nani angebeba jenereta?"

"Na Mzee Shuka?"

"Masanduku yalikuwa na vipande vya picha ishirini. Nilikata kwa mkasi, nikaunga vilivyoungika, yule wa koti nikawa namhamishia kila mkanda." Akainua macho. "Mzee Shuka ni mimi."

Fikiria. Miaka miwili naitafuta sura ya baba yangu, na ilikuwa ndani ya kopo la majani ya chai, hatua tatu kutoka mahali nilipokaa kila Jumamosi. Nilikunywa hata chai nyumbani kwake. Wakati naondoka aliniita mlangoni: "Lakini wewe kule juu ulimwonaje? Kipande kilikuwa humu!" Nikaenda zangu, kipande mkononi. Kisu kimoja kilitutahiri, mkasi mmoja ukatutenganisha. Tangu siku ile hatujaamkiana.

Mpaka leo, ukungu ukishuka sili kabla sijaweka sahani ya pili. Mke wangu ameshazoea. Nikiwa peke yangu shambani asubuhi ya ukungu, mdomo wangu husema "Bado" wenyewe, bila mtu kuuliza. Kwa hiyo wewe unayesoma haya, sikuonyi juu ya mizimu. Wa kwangu hakunidanganya neno, alinigeukia bila kuombwa mara ya pili. Mwogope aliye hai, anayekunywa chai na wewe, akikuambia jambo la nyumbani kwenu usimwambie mama yako. Akikuambia hivyo tu, ondoka hapo uende moja kwa moja kwa mama yako.

Mimi nilikwenda nimechelewa. Nilimkuta Aayo anachambua maharage, nikampa kile kipande, akakiinua dirishani. Alikaa hivyo mpaka mkono ukachoka, akauegemeza na mkono mwingine.

"Ndiye," akasema. "Koti la bwana afya hilo, walimvalisha. Watu wa sinema walikuja na mashine yao siku nzima, mimi nina mimba yako. Hapa anageuka kwa sababu nilimwita aje kula." Akajifuta jicho na ncha ya kanga. "Miaka miwili unabeba chuma. Si ungeniuliza?"

"Aayo, lakini mbona anatoka ardhini?"

Akanitazama kama mtu aliyegundua leo kwamba amezaa mjinga.

"Atoke wapi, na alikuwa shimoni? Alikuwa anawaonyesha watu namna ya kuchimba choo."